Jicho la Wajina

Jicho la kushoto la Syombua lilitazama pua yake, na kwa zaidi ya miaka hamsini hakuna mtu upande wetu wa Matiliku aliyeliona kuwa kasoro. Watu walilitaja kama wanavyotaja shamba lenye chemchemi. Lilikuwa mali ya ukoo. Nyanya aliyempa jina, Syombua wa kwanza, alikuwa mganga, na ilisemwa kwamba alipokutazama, jicho moja lilikuona wewe na la pili likamwona aliyesimama nyuma yako, ambaye wewe humwoni. Baada ya mganga huyo kufa, wasichana kadhaa walipewa jina lake. Mmoja tu alipewa na jicho.

Ndivyo ilivyosimuliwa. Kati ya boma letu na lake palikuwa na ua wa minyaa tu, na hadithi hiyo niliisikia kabla sijajua kuhesabu.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, wa mwendo wa haraka, na sikumbuki kumwona akienda mahali mikono mitupu. Kiondo, kikapu cha mkonge alichokuwa akikisuka, kilikaa kwapani, vidole vikifanya kazi huku miguu ikifanya yake. Akitoka nyumbani kwenda kisimani na kurudi, alikuwa ameongeza mizunguko mitatu. Paja lake la kulia liling'aa kwa kusokotea nyuzi za mkonge. Katika mwethya, kile kikundi cha wanawake waliochimba matuta ya shamba la huyu leo na la yule kesho, aliongoza kwa jembe wala si kwa wimbo, maana sauti yake ilikuwa mbaya na alilijua hilo. Mumewe alikufa mwaka wa 1968. Kati ya watoto wanne aliozaa, wawili aliwazika wakiwa wadogo, binti mmoja akaolewa mbali, akabaki na Mutunga, fundi wa kujenga, mtu mnene mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya bonde.

Kuhusu jicho kuna jambo moja zaidi la kueleza. Syombua alipoposwa, mwaka wa 1938, shangazi wa bwana harusi alimshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga, akauliza, "Hili jicho, alizaliwa nalo?"

Mama yake Syombua alijibu kabla bintiye hajafungua kinywa. "Ni la nyanya yake."

Shangazi akaachia kidevu. Mbuzi wakapokelewa.

Mutunga alipopata binti wa kwanza, mwaka wa 1976, jina halikuwa na mjadala. Kwetu mtoto hapewi jina la nyanya yake kama kumbukumbu tu. Kwa kiasi fulani yeye ndiye nyanya huyo, amekuja tena. Ili wasichanganywe, mdogo aliitwa Kasyombua, yaani Syombua kadogo, lakini Mutunga hakumwita hivyo hata siku moja. Alimwita Mwaitu, mama yangu, na kumpa mkono akimsalimu kama anavyompa mtu mzima. Kavata, mkewe, alipata taabu.

"Nitampigaje mama mkwe?" alilalamika kwa majirani. "Amevunja chupa yangu ya chai, nami nasimama tu namtazama."

Kasyombua aliijua faida ya jambo hilo akiwa na miaka minne. "Mimi ni mama mkwe wako," alimwambia mama yake. "Sioshi sufuria."

Nyanya alisikia, akacheka mpaka akapoteza hesabu ya nyuzi zake.

Mwaka wa 1984 mvua ya masika haikuja. Tulikula unga wa njano wa msaada na kuutukana tukiula. Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, Kavata alikuwa akimpa Kasyombua uji, akaona jicho la kushoto la mtoto limeingia ndani, likitazama pua. Alidhani ni mchezo. Akamwambia aache. Mtoto akauliza aache nini.

Mutunga aliitwa kutoka zizini. Alichuchumaa mbele ya binti yake, akamtazama kwa muda, kisha akaketi chini kwenye vumbi akacheka.

"Mwaitu amefika," alisema. "Huyu alichelewa njiani miaka minane, lakini amefika."

Katika mwaka huo wa njaa alichinja jogoo. Wanawake wazee walikuja kumtazama Kasyombua, wakamshika kichwa, wakamweka kando ya nyanya yake na kulinganisha, jicho kwa jicho. Mmoja alisema hata namna ya kukunja paji ni ileile. Syombua aliketi na mtoto mapajani wala hakusema mengi. Tulidhani ni unyenyekevu. Alikula paja la jogoo, akafuta vidole, akashika kiondo chake.

Katika miezi iliyofuata kila jambo lilipata maelezo yake. Kasyombua alianza kuinamisha kichwa upande mmoja; nyanya naye huinamisha. Alijikwaa kwenye matuta na kuanguka mara mbili, mara tatu kwa siku. Ni miguu inarefuka. Alipaliwa na uji, ni pupa. Alitapika asubuhi kabla ya kula chochote. Ni ule unga wa njano. Kisha siku moja alicheka, na kinywa kikacheka upande mmoja tu. Hapo Kavata aliacha kucheka. Alimfunga mtoto mgongoni, msichana wa miaka minane miguu ikining'inia, akaenda naye kituo cha afya, Mutunga na nyanya wakifuata.

Mhudumu wa kituo aliitwa Nzomo. Hakuwa daktari kamili lakini sote tulimwita daktari, na alistahili. Aliuliza swali lililofaa.

"Jicho limeanza lini?"

"Limeanza na nyanya ya mama yangu," alisema Mutunga, na chumba kizima kikacheka.

"Mtoto alizaliwa nalo?"

"Ni la ukoo, daktari. Tazama tu."

Nzomo akatazama. Kwenye benchi la mlangoni Syombua alikuwa ameketi, jicho lake la kushoto likiangalia pua, mikono ikisuka. Naye Nzomo akacheka. Akaandika kwenye kadi kwamba ni makengeza ya ukoo, akatoa dawa ya minyoo, akasema warudi ikiwa kutapika hakukomi. Sijawahi kumlaumu. Ushahidi ulikuwa umeketi kwenye benchi.

Kutapika kulipungua wiki mbili, kukarudi.

Sasa ni mwezi wa Novemba, alasiri, kwenye kivuli cha nyumba. Kasyombua alikuwa na kiondo chake mwenyewe, kidogo, alichoanza akiwa na miaka sita, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kupata akili ile ambayo haifundishwi. Nyanya alikichukua kukagua, akaona matundu.

"Unaruka uzi."

"Siruki, Susu." Susu ni nyanya, kwa Kikamba.

"Hapa umeruka. Na hapa. Unafanya kama mtu anayesuka akiota."

"Nashika uzi nakuta hewa."

"Uzi upi?"

"Ule wa pili."

Syombua alivuta uzi mmoja kutoka kwenye fungu, akauinua mbele ya uso wa mtoto. "Ziko ngapi?"

"Mbili."

"Tazama vizuri."

"Mbili, Susu. Huu, na huu mwingine kando yake."

Nyanya akaweka kiganja juu ya jicho la kushoto la mtoto. "Na sasa?"

"Mmoja." Kasyombua alifurahi, kama aliyeonyeshwa kiinimacho. "Umeupeleka wapi ule mwingine?"

Syombua alikiweka kiondo chini. Kavata, aliyekuwa akipepeta kunde upande wa pili wa uwanja, aliniambia baadaye kwamba hilo ndilo lililomfanya ainue macho. Kwa miaka yote aliyoishi katika boma lile hakuwahi kuona mikono ya mama mkwe wake ikiwa mitupu mchana.

Maana Syombua alikuwa akijua kitu ambacho hakuna mtu mwingine hai aliyekijua. Hakuzaliwa na lile jicho. Alipokuwa na miaka tisa alitumwa maji na punda wa baba yake, punda ambaye watoto walikatazwa kabisa kumpanda, naye akampanda. Karibu na mto kware aliruka kutoka majanini. Punda akashtuka, mtoto akaangukia jiwe kwa upande wa kichwa. Siku ya tatu jicho likageuka. Mama yake, akijua ni fimbo gani inayomngoja, alimtangulia mumewe mlangoni na kumwambia kwamba wajina amejitokeza, jicho la mganga limerudi nyumbani. Baba alifurahi hata akasahau kuuliza punda amechubukaje goti. Baada ya hapo uongo haukuhitaji mtu wa kuulisha. Ulijitafutia wenyewe.

Lakini karibu mwaka mzima baada ya kuanguka, Syombua aliona kila kitu viwili. Mbuzi wawili mahali pa mmoja. Njia mbili, akafuata ile isiyokuwepo. Aliijua hewa ile ambayo vidole vinakuta mahali macho yalipoahidi uzi.

Alikaa pale kivulini akifikiri, na mawazo yake, kama alivyonieleza miaka mingi baadaye, yalikuwa haya tu: la kwangu liligongwa, ndiyo maana likaona viwili. Mimi sina jicho la kumrithisha mtu. Basi huyu amegongwa na nini?

Mutunga alirudi jua likiwa bado juu ya vilima. Alikuwa bado na saruji mikononi.

"Mutunga," mama yake alisema, "hilo jicho la mtoto si langu."

"Si lako ni la nani? La Nzomo?"

"Langu nililipata kwa punda."

Mutunga alimtazama Kavata, aone kama yeye ameelewa. "Punda gani?"

"Wa babu yako. Nilikatazwa kumpanda, nikampanda."

"Mama, unasema nini?" aliuliza Kavata.

"Nasema sikuzaliwa hivi. Nilianguka. Niliona viwili viwili mwaka mzima. Mtoto huyu anaona viwili, leo amenionyesha, naye hajaangushwa na punda. Kuna kitu kichwani."

Kuku walipita katikati yao. Mutunga alianza kubandua saruji iliyokauka kwenye vidole, kipande kimoja kimoja.

"Miaka hamsini na tano, Mwaitu," alisema mwishowe. "Nimechinja jogoo."

"Najua. Nilikula paja."

Kavata hakungoja. Alikuwa ameshaingia ndani kutafuta ile kadi ya kituo.

Asubuhi walikwenda wote wanne. Njiani Kavata alisema jambo moja tu, bila kumgeukia mama mkwe wake. "Ungesema mapema."

"Ndiyo," alisema Syombua.

Hakujitetea. Kutoka Julai hadi Novemba ni miezi minne, na aliibeba miezi hiyo maisha yake yote, ingawa hakuna aliyemtwika tena kwa maneno.

Nzomo aliisikiliza hadithi ya punda akiwa amesimama, na safari hii hakucheka. Alimketisha Kasyombua, akamwambia afuate kidole chake kwa macho bila kugeuza kichwa. Jicho la kulia lilifuata mpaka pembeni. La kushoto lilifika katikati likagoma. Alimwambia ajaze mashavu hewa. Hewa ikavuja upande mmoja. Alimwambia atembee juu ya mstari wa sakafu, kisigino mbele ya kidole, kisigino mbele ya kidole. Hatua ya tatu mtoto aliyumba, Mutunga akamdaka.

"Aliyezaliwa na makengeza haoni viwili," Nzomo aliwaambia. "Ubongo wake umelizoea jicho tangu mwanzo, umeacha kulisikiliza. Anayeona viwili, jicho lake limegeuka akiwa ameshazoea kuona kimoja. Ningeuliza tena siku ile. Niliona benchi, nikaacha kuuliza."

Alichukua kadi, akakata kwa kalamu yale maneno aliyoyaandika mwenyewe. Kisha akaandika barua ndefu ya kwenda Nairobi. "Mimi sina cha kumtibu," alisema. "Lakini najua barua hii iende wapi."

Daktari waliyempata katika hospitali kubwa ya Nairobi aliitwa Othman. Alizaliwa mjini Kitui, katika mojawapo ya zile familia za Waislamu ambao babu zao walikuja kutoka pwani kufanya biashara wakasahau kurudi, na Kikamba chake kilikuwa kizuri kuliko cha vijana wetu. Alipomwona Syombua na kiondo kwapani alimwamkia kama mtoto wa nyumbani, akamuuliza kama amekuja kumwona mgonjwa au kufungua duka.

"Nimekuja kuona kama unaijua kazi yako," alisema Syombua.

"Nawe unaijua yako?"

"Yangu inashika maji."

Kicheko hicho kiliwasaidia kuketi. Kisha daktari aliinua picha ya kichwa cha Kasyombua, ile iliyopigwa na mashine mpya, akaishika dhidi ya dirisha.

"Hapa panaitwa shina la ubongo," alisema. "Unene wake ni kama wa kidole gumba. Kupumua, kumeza, kutembea, macho kugeuka, uso kucheka, amri zote zinapita hapa kwenda mwilini."

Syombua alimwonyesha kiondo, upande wa chini. "Kitako," alisema. "Nyuzi zote zinaanzia hapa. Pakiharibika hapa, huwezi kurekebisha huko juu."

Daktari Othman alikichukua, akakigeuza. "Hapo hasa. Na hapo ndipo uvimbe umeota."

Aliwaeleza bila kuzunguka. Uvimbe wa mahali hapo kwa watoto ni wa aina mbalimbali. Ulio mbaya zaidi huenea ndani ya nyuzi kama wino kwenye kitambaa. Hauna ukingo, hauna mahali pa kuushika, na kisu hakiwezi kuugusa. Mtoto mwenye uvimbe wa namna hiyo hudhoofika kwa wiki chache tu, na mionzi humpa miezi, kisha unarudi. Huu wa Kasyombua ulikuwa umekua taratibu, na sehemu yake kubwa ilikuwa imechomoza nje, kwa nyuma.

"Iliyochomoza inaweza kuondolewa," alisema. "Iliyoshikana na shina tutaiacha, tuipige mionzi. Siwaahidi kitu."

"Ukimpasua, hatari ni ipi?" aliuliza Mutunga.

"Asiamke. Au aamke asiweze kumeza. Tusipompasua, atafika hukohuko, polepole."

Mutunga alitazama mikono yake. Kavata ndiye aliyeuliza swali ambalo Syombua alikuwa akilingoja tangu Matiliku.

"Tungekuja mapema, ingekuwa afadhali?"

"Mapema ni afadhali siku zote," alisema daktari. "Lakini wengi wananiletea mtoto akiwa hawezi hata kushika kichwa. Huyu bado anatembea. Nani aligundua?"

Kavata angeweza kusema ni Nzomo. Angeweza kusema chochote.

"Ni susu yake," alisema. "Aliona nyuzi."

Syombua aliinama, akajifanya anatafuta kitu ndani ya kiondo.

Upasuaji ulichukua saa sita. Kasyombua aliamka siku ya pili, akamwambia nesi kwamba yeye ni mama mkwe na asichomwe sindano tena. Maneno yalitoka mazito, kama ya mtu mwenye kiazi kinywani, lakini yalitoka. Alilishwa kwa mpira puani siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili alimeza kijiko cha uji, wakangoja wote apaliwe. Hakupaliwa. Akaomba sukari.

Halafu ikaja mionzi: siku tano kila wiki, wiki sita. Mutunga alirudi kazini, Kavata akarudi kwa watoto wengine na shamba, maana mvua ya vuli ilikuwa imenyesha, na Syombua akabaki, akilala kwa binamu yake huko Makadara. Tatizo lilikuwa kulala kimya. Mtoto alilazwa kifudifudi, kichwa kimefungwa kwa mikanda ili kisicheze hata unene wa kucha, halafu watu wote wakatoka na kumwacha peke yake na lile jitu la chuma linalonguruma. Siku ya kwanza alilia, akajitingisha, kazi ikaahirishwa. Siku ya pili vilevile.

Siku ya tatu Syombua alikuja na kamba. Alikuwa ameisokota tangu jioni iliyotangulia, nyembamba, ndefu kuliko uwanja wa kanisa letu. Ncha moja alimfunga Kasyombua kidoleni. Nyingine aliishika yeye, akairudisha nyuma kufuata ukuta, akazunguka kona, mpaka kwenye benchi la nje. Fundi wa mashine alitazama, akakuna kichwa, akaiacha ipite.

"Nikivuta mara moja, niko hapa," nyanya alimwambia. "Nawe ukivuta mara moja, nimekusikia. Lakini usitingishe kichwa. Nitajua."

"Utajuaje, nawe uko nje?"

"Kamba itaniambia."

Kwa siku thelathini ile kamba ilikuwa njia yao. Wagonjwa waliosubiri kwenye benchi walimwona bibi mrefu mwenye jicho la kando, mkono mmoja ukisuka na mwingine umeshika uzi unaopotea ukutani, na mara kwa mara akitabasamu bila sababu. Aliniambia kwamba Kasyombua alikuwa akimvuta kwa utani, mara tano, mara sita, na yeye akijibu kila mara. Wiki ya mwisho nywele za kisogo zilikuwa zimeng'oka zote. Kabla hawajaondoka, Syombua alimpa Daktari Othman kitako cha kiondo, kitako peke yake, kikubwa kama kiganja, nyuzi zimeachwa zikining'inia. Nilikwenda kumwona daktari huyo miaka sita baadaye kwa shida yangu, na kitako kilikuwa bado juu ya meza yake. Alisema anakitumia kuwaeleza wazazi.

Kamba yenyewe Syombua hakuitupa. Aliigeuza mkanda wa kiondo.

Walirudi Matiliku mwezi wa Februari. Kutembea kulirudi kufikia mavuno, kinywa kikanyooka karibu chote, kupaliwa kukaisha. Jicho halikurudi. Lilibaki pale pale, likitazama pua. Daktari alikuwa amewaonya: neva yake ilibanwa muda mrefu. Kwa karibu miaka miwili Kasyombua aliona viwili viwili, mpaka akajifunza kuinamisha kichwa kwa namna ambayo vitu vilikubali kuwa kimoja. Kwenye picha za baadaye kipande kilichoachwa kilionekana bado, kimya, kama jiwe ambalo jembe limejifunza kulizunguka.

Na Syombua akapoteza hadithi yake. Habari ya punda ilifika sokoni kabla yake. Baadhi ya wanawake wazee walichukia kweli. Walikuwa wamelishika lile jicho kwa heshima tangu usichana wao, wengine waliwahi kumwomba awatazamie watoto wagonjwa. "Umetufanya wajinga miaka hamsini," mmoja alimwambia kwenye mwethya, na kumpa mgongo. Watoto walilia sauti ya punda kila Syombua alipopita. Kila aliyekuwa na punda kisimani alimkaribisha apande.

"Leo sipandi," alikuwa akijibu. "Nimebakiza jicho moja zuri, nalihitaji."

Nilikuwa kijana mkubwa wakati huo, na nakumbuka kwamba nilimhurumia, nikidhani amevuliwa kitu. Sasa nimekaribia umri aliokuwa nao, na ninaona niliangalia vibaya. Alianza kucheka zaidi. Alianza hata kuimba kwenye mwethya, kwa ile sauti mbaya, na wanawake wakamwomba anyamaze, na hakunyamaza.

Mwaka wa 1998 watu walikuja kutoka Migwani, Kitui, na mbuzi watatu wa posa. Kasyombua alikuwa na miaka ishirini na miwili, amesomea ualimu wa shule ya msingi, na kijana aliyemtaka alikuwa mwalimu mwenzake, mpole, aliyekwisha kuambiwa kila kitu na kuonyeshwa kovu chini ya nywele. Lakini watu wake hawakuambiwa. Tuliketi uwanjani, chai ikagawiwa. Syombua alikuwa kwenye kiti chenye mgongo, karibu miaka themanini, kiondo mapajani kwa mazoea, vidole vikienda polepole.

Shangazi wa kijana, bibi mfupi mwenye kitambaa cheupe kichwani, aliinuka, akamwendea Kasyombua, akamshika kidevu na kumgeuzia kwenye mwanga.

"Hili jicho, mwanangu," alisema, "ulizaliwa nalo?"

Mutunga aliweka kikombe chini. Kasyombua alimtazama nyanya yake, kichwa kimeinama kama kawaida, na nikamwona akitabasamu kwa ule upande mmoja uliotangulia mwingine kidogo.

"Ni la susu," alisema. "Nimechukua lake."

"Mwongo huyo," Syombua alisema kutoka kwenye kiti.

Watu waligeuka.

"Msichana huyu alikuwa na uvimbe hapa." Alijigusa kisogo. "Akiwa na miaka minane. Daktari aliutoa, na kipande kikabaki, na hatujui kitalala mpaka lini. Analo mwenyewe hilo jicho, amelilipia. Kama mnamtaka, mnamtaka pamoja na kipande hicho. Kama hamtaki, mbuzi wenu hawajafunguliwa."

Kijana alikuwa ameinuka nusu kutoka kwenye kiti chake. Shangazi hakumtazama. Alikuwa bado ameshika kidevu cha Kasyombua, lakini kwa namna nyingine sasa, kama anayepima uzito wa kitu kizuri. Alimtazama, kisha akamtazama bibi mwenzake, jicho lile la kushoto, pua ile.

"Na lako?" aliuliza.

"Punda."

"Punda gani?"

Kavata alifunika mdomo kwa leso. Mutunga alianza kutikisika mabega. Kasyombua akavuta kigoda, akakichukua kiondo kutoka mapajani mwa nyanya yake, akaanza kukisuka kutoka pale kilipoachwa, kwa sababu alijua itachukua muda.

"Alikuwa punda wa kijivu," Syombua alianza, "mkubwa kama ng'ombe." Hakuwa mkubwa hivyo mara ya kwanza nilipoisikia. Na safari hii hakuwa kware mmoja aliyeruka majanini. Lilikuwa kundi zima la kanga.

Shangazi akainua mkono kumkatiza. Alimgeukia kijana wake, akamwambia awafungue mbuzi awatie zizini, jua linawachoma. Kisha akasogeza kiti chake karibu.

"Endelea," alisema. "Kanga wangapi?"